Tathmini ya wakala wa forodha Dar es Salaam: gari lilitoka, hesabu zilichelewa kunyooka

Huduma ninayoitathmini ni ya kutoa gari lililotumika katika bandari ya Dar es Salaam, na aliyeifanya ni kampuni ya uwakala wa forodha ya ukubwa wa kati, yenye ofisi ya ghorofani katikati ya jiji. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko na mengine tulikwisha kuyamaliza mezani. Gari lenyewe ni kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, Suzuki Carry ya kawaida, nililolinunua kutoka Japani kwa ajili ya kubebea mpunga Ifakara. Ada ya uwakala tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 350,000, mbali na kodi, tozo za bandari na malipo ya wakala wa meli.

Maoni mengi ya wateja kuhusu kampuni za aina hii huishia kwenye mambo mawili: kama walikuwa wepesi au walichelewa, na kama walikuwa nafuu au ghali. Mambo hayo yana umuhimu wake, ila hayagusi kile hasa kinachouzwa. Mteja anayemkabidhi wakala wa forodha hati zake anampa mtu mwingine uwezo wa kusema, kutia saini na kulipa kwa jina lake mbele ya serikali, mbele ya wenye meli na mbele ya bandari, na lolote atakaloliandika wakala huyo litahesabiwa kuwa limeandikwa na mteja. Ndiyo sababu nimeipima kampuni hii kwa kanuni za sheria ya uwakala, ambazo ni za zamani, zimeandikwa, na zinaeleweka kwa urahisi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwa Tanzania Bara kanuni hizo zimo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sana Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Kifungu cha 134 kinamtambua wakala kuwa ni mtu aliyewekwa kufanya jambo kwa niaba ya mwingine, au kumwakilisha katika shughuli na watu wa tatu, yaani watu wa nje ya makubaliano yao. Yule anayewakilishwa nitamwita mwenye shughuli. Uwakala hauhitaji ujira ili uwepo, na mamlaka ya wakala yanaweza kutolewa kwa maandishi, kwa mdomo, au hata kutokana na mazingira na mwenendo wa wahusika, kwa hiyo shemeji anayekupokelea mzigo stendi bila malipo ni wakala kamili na ana wajibu kwako, ingawa sijapata kuona shemeji aliyekubali kuambiwa hivyo.

Forodha haina ulegevu huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka anayemwakilisha mwenye mzigo awe ama mwajiriwa wake mwenyewe, ama wakala mwenye leseni ya forodha ambaye ameidhinishwa kwa maandishi na mwenye mzigo huyo, iwe kwa shughuli zote au kwa jambo moja mahususi. Ofisa wa forodha ana haki ya kudai kuonyeshwa idhini hiyo, na asipoonyeshwa anaweza kukataa kumtambua anayejiita wakala. Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, huchapisha orodha ya mawakala wenye leseni, na mtu yeyote anaweza kuitazama kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ninashangazwa na idadi ya watu wanaokabidhi hati za gari la mamilioni kwa kijana mwenye bahasha mkononi, anayeazima leseni ya mwenzake, kisha wakaja kulalamika kwamba hawajui wamdai nani.

Katika hatua hii kampuni ilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Nakala ya leseni ilibandikwa ukutani kwenye meza ya mapokezi, jina lililokuwamo lilikuwa lilelile la kwenye ankara, na kabla ya kuzungumzia fedha niliombwa kusaini barua ya idhini. Barua hiyo ilikuwa fomu iliyochapwa, yenye nafasi za kujaza jina langu, namba ya utambulisho wa mlipakodi na maelezo ya gari. Aya yake ya mwisho ilisema kwamba ninaipa kampuni mamlaka ya kufanya “jambo lolote litakaloonekana kufaa kuhusiana na mizigo yangu yote”. Nilimwomba dada aliyekuwa akinihudumia tuifute aya hiyo.

“Mzee, hii ndiyo fomu yetu ya siku zote, wateja wote wanaisaini,” aliniambia, kwa upole wala si kwa kuudhika.

“Ninaelewa, dada, ila mzigo wangu ni huu mmoja, na sitaki barua yangu itumike kwa mwingine.”

Aliingia ndani kumwuliza msimamizi wake, akarudi, akapiga mstari juu ya aya ile kwa kalamu, akaandika pembeni namba ya chesisi ya gari, na sote wawili tukatia saini za kifupi kando ya mkato. Ukweli ni kwamba kufuta maneno yale hakukuinyima kampuni chochote ilichokihitaji, maana sheria inasema wakala aliyepewa mamlaka ya kufanya jambo fulani ana mamlaka pia ya kufanya kila jambo halali linalohitajika ili hilo likamilike. Kwenda kwa wakala wa meli kuchukua hati ya kuruhusu mzigo kutolewa, kulipa tozo za bandari na kuhudhuria ukaguzi wa gari ni mambo yaliyomo ndani ya kazi hata kama hayakuandikwa. Kilichoondolewa ni uwezekano wa jina langu na namba yangu ya mlipakodi kutumika kwa mzigo nisioujua. Kampuni inayokubali mkato wa namna hiyo bila kununa inastahili sifa, kwa sababu nyingine huchukulia swali kama tusi.

Upande wa kodi ndiko walikong’ara. Thamani ya gari haikuwa siri, kwa kuwa TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti yake, na mwenye kujua aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini anaweza kupata makadirio yake akiwa nyumbani, pamoja na ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo nyingine. Nilikuwa nimekwisha kukokotoa, na takwimu walizonipa zililingana na zangu. Hawakutaka nipitishe fedha ya kodi mikononi mwao. Walinitumia namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na mfumo wa serikali, nikalipa mwenyewe benki, na stakabadhi ikatoka kwa jina langu.

Msomaji asidhani uangalifu huo ni ukarimu mtupu, kwani una sababu katika sheria. Kwa kawaida wakala anayefanya mkataba kwa niaba ya mtu anayefahamika hafungwi yeye binafsi na mkataba huo. Katika forodha mambo ni tofauti: sheria ya mwaka 2004 inamhesabu wakala aliyeidhinishwa kuwa kama mwenye mzigo mwenyewe kwa ajili ya kulipa ushuru, na wakati huohuo inamfanya mwenye mzigo awajibike kwa matendo na matamko ya wakala wake. Serikali imejishikia watu wawili kwa deni moja. Wakala akitangaza injini ndogo kuliko iliyopo, wewe umetangaza. Wewe usipolipa, wakala atalipa. Kwa hiyo ninapoona maoni ya mteja anayemsifu wakala kwa “kumpunguzia kodi”, ninajiuliza kama mteja huyo anajua kwamba saini iliyo chini ya tamko lile, kisheria, ni yake.

Mambo yalianza kuwa magumu nilipokuwa shambani, mahali ambapo mtandao wa simu hupatikana mtu akipanda kilimani. Gari lilikwisha kulipiwa kodi, lakini hati kutoka kwa wakala wa meli ilikuwa imechelewa, na siku za kuhifadhiwa bure bandarini zilikuwa zinakwisha. Nilipopata mtandao nilikuta simu nyingi ambazo hazikupokelewa, ujumbe mfupi na ujumbe wa WhatsApp, wote ukiuliza jambo moja: je, walipie tozo ya kuhifadhi kwa fedha zao na kulitoa gari, au wasubiri nirudi huku tozo ikiongezeka kila siku? Ujumbe wa mwisho ulisema wameshalipa na gari lipo kwenye yadi.

Hapa kampuni ilifanya kile hasa ambacho sheria inakitaka. Wakala akipata ugumu anapaswa kutumia bidii ya kutosha kuwasiliana na mwenye shughuli na kupata maelekezo yake. Akishindwa kumpata, na hali ikiwa ya dharura, ana mamlaka ya kufanya kile ambacho mtu mwenye busara ya kawaida angekifanya kwa mali yake mwenyewe ili kuiepusha na hasara. Kisha mwenye shughuli anawajibika kumrudishia alichokitumia kihalali. Kesi inayosomeshwa sana kuhusu jambo hili ni ya Uingereza ya mwaka 1874, Great Northern Railway dhidi ya Swaffield, ambayo ilihusu farasi aliyesafirishwa kwa treni, akafika kituoni na kukosa wa kumpokea, reli ikampeleka kwenye banda la kulisha farasi, kisha mwenye farasi akakataa kulipa gharama za banda. Mahakama ilimwamuru alipe. Reli isingeweza kumwacha mnyama afe njaa kwa sababu tu mwenyewe hakuonekana. Kirikuu langu lisingekufa njaa, lakini tozo ya bandari nayo haina huruma, na ninakiri kwamba katika nafasi yao ningefanya vilevile.

Niliporudi mjini walikataa kunipa funguo na kadi ya gari mpaka niwarudishie fedha yao. Najua wateja wengi hukasirishwa na jambo hili kuliko jingine lolote, na mtu mmoja aliyekuwa akisubiri pamoja nami, mfanyabiashara kutoka Lubumbashi ambaye mzigo wake ulikuwa wa kupitishwa kwenda Kongo, aliliita unyang’anyi mbele ya kila mtu. Siungi mkono neno hilo. Wakala ana haki ya kushikilia bidhaa, hati na mali nyingine ya mwenye shughuli iliyo mikononi mwake mpaka alipwe ada yake na fedha aliyoitoa kwa ajili ya kazi hiyo, isipokuwa kama mkataba wao unasema vingine. Haki hii ipo kwa sababu wakala hana dhamana nyingine. Akishatoa gari likaondoka, deni lake hugeuka kuwa ahadi ya mtu aliye mbali.

Hata hivyo haki ya kushikilia inaishia pale deni halali linapoishia, na ankara niliyopewa ilivuka mpaka huo. Mistari ya tozo ya bandari, malipo ya wakala wa meli na usajili ilikuwa na stakabadhi zake nyuma. Mstari wa bima ndogo haukuwa nayo. Niliomba stakabadhi, ikatafutwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, na ilipopatikana ilionyesha kiasi kilicho pungufu kwa shilingi 40,000 kuliko nilichodaiwa. Mstari mwingine uliandikwa “gharama nyinginezo”, shilingi 60,000, bila maelezo wala karatasi. Nilipouliza, msimamizi alinieleza waziwazi kwamba hicho ni cha juu cha kawaida, kwamba kila kampuni inaweka, na kwamba wateja huwa hawaulizi.

Jibu hilo ndilo lililoishusha kampuni hii machoni pangu kuliko fedha zenyewe. Mtu anayekuuzia duka zima la nyanya anaweza kuweka cha juu apendavyo, kwa kuwa yeye na wewe mko pande mbili za biashara na kila mmoja anajitetea. Wakala hayuko upande wa pili. Ameingia kwenye biashara hiyo kwa niaba yako, na wajibu wake wa kwanza ni kutoa hesabu sahihi kila anapotakiwa na kukukabidhi kila kilichopokewa kwa ajili yako, baada ya kukata ada yake na gharama halali. Akijinufaisha kwa siri ndani ya shughuli yako, sheria ya Tanzania inakupa haki ya kuidai faida hiyo. Aliyeiendesha vibaya sehemu fulani ya kazi anapoteza hata ujira wa sehemu hiyo.

Mahakama za Uingereza, ambazo kanuni zao zitokanazo na maamuzi ya majaji zilipokelewa hapa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, zimekuwa kali kwa muda mrefu kuhusu jambo hili. Mwaka 1903, katika kesi ya Andrews dhidi ya Ramsay, mawakala waliopewa kazi ya kuuza mali kwa kamisheni ya pauni 50 walipokea kwa siri pauni 20 kutoka kwa mnunuzi. Aliyewapa kazi alipogundua alirudishiwa zile pauni 20, na mahakama ikaamua arudishiwe pia kamisheni yote, ingawa mali ilikwisha kuuzwa na yeye hakuonyesha kwamba amepata hasara. Msingi wake ni kwamba asiyekuwa mwaminifu hakuifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililirudia suala hilo kwa fedha za ukubwa mwingine kabisa, katika ununuzi wa hoteli ya Monte Carlo Grand, ambapo wakala wa wanunuzi alikuwa amelipwa euro milioni 10 na muuzaji bila wanunuzi kuelezwa ipasavyo. Mahakama ilisema fedha hizo tangu mwanzo zilikuwa za waliomtuma, na yeye alizishika kwa amana tu.

Kati ya euro milioni 10 na shilingi 40,000 za bima kuna umbali mkubwa, lakini kanuni ni moja, na hoja ya kwamba “ndiyo kawaida ya kazi” haisaidii, kwa kuwa mazoea ya wenye kazi yanayopingana na kiini cha uwakala hayamfungi mteja asiyeyajua na asiyeyaridhia. Neno muhimu ni kuridhia. Kampuni ingeniandikia siku ya kwanza kwamba ada ni 350,000 na kwamba itapokea pia kamisheni kutoka kwa wakala wa bima, ningekubali bila kufikiri mara mbili, na isingekuwa na kosa lolote. Ingeandika ada ya 450,000, huenda pia ningekubali. Nilichokikataa ni kulipa ada mbili huku nikijua moja. Baada ya mazungumzo yasiyokuwa na kelele waliniondolea zile shilingi 40,000, na ile 60,000 ikapungua hadi 25,000, ambazo walizitolea maelezo kwamba ni nauli na nakala za hati. Nililipa, nikapewa funguo.

Gari lilikuwa na kasoro moja iliyoonekana palepale yadini: halikuwa na jeki wala tairi la akiba. Ripoti ya ukaguzi kutoka Japani ilivitaja vyote viwili, na picha za kabla ya kupakiwa melini zilivionyesha. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kwamba aliyelitoa gari bandarini na kulileta yadini hakuwa dereva wao, bali ni wa kampuni nyingine wanayoipa kazi hiyo, na kwamba nimfuate yeye. Jibu hilo lina udhaifu mkubwa. Wakala hatakiwi kumkabidhi mtu mwingine kazi aliyoahidi kuifanya mwenyewe, isipokuwa pale ambapo desturi ya biashara au aina ya kazi inaruhusu. Kwa magari ya bandarini ninakubali kwamba desturi inaruhusu, kwa kuwa si kila kampuni ina madereva. Lakini anapomweka wakala mdogo kihalali, wakala mkuu ndiye anayewajibika kwa mwenye shughuli kwa matendo ya huyo mdogo, na yule mdogo anawajibika kwa aliyemweka. Mimi ninaweza kumfuata dereva moja kwa moja endapo kuna ulaghai au kosa la makusudi, na hata hivyo nitakuwa ninatumia haki yangu, sitakuwa ninatii agizo la kampuni. Niliwaeleza hivyo, nikawaachia nakala za picha. Jeki mpya ilipatikana ndani ya juma hilo. Tairi walilonipa lilikuwa limelika kiasi cha kutofaa hata kwa akiba, na hilo sijawasamehe.

Kuna jambo moja nililoliona pale ofisini ambalo halikunihusu lakini linaeleza mengi kuhusu mpangilio wa kampuni. Juu ya meza ya mapokezi kulikuwa na karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa ikisema kwamba malipo yote yafanyike benki kwa akaunti ya kampuni, na kwamba kampuni haitahusika na fedha atakayopewa mfanyakazi yeyote mkononi au kwa simu. Mteja mmoja alikuwa akibishana kuhusu fedha aliyomtumia kwa simu kijana aliyekuwa akikaa mapokezi, ambaye alikuwa ameacha kazi. Kampuni ilimwonyesha ile karatasi. Yeye akasema haikuwapo alipolipa.

Sijui mgogoro wao ulikwishaje, lakini ninaona kila mmoja alikuwa amegusa nusu ya sheria. Mwenye shughuli hufungwa na mamlaka aliyompa wakala, na pia hufungwa na mamlaka ambayo kwa maneno au mwenendo wake amewafanya watu wa nje waamini kwamba wakala anayo. Katika kesi ya Freeman & Lockyer ya mwaka 1964, mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Buckhurst Park Properties aliachwa na wenzake afanye kazi za mkurugenzi mtendaji bila kuteuliwa rasmi; wasanifu majengo aliowapa kazi walipodai ada yao, kampuni ilisema hakuwa na mamlaka, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaiamuru ilipe, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyomwacha aonekane hivyo. Kampuni inayomkalisha kijana mapokezi, ikamwachia mhuri na vitabu vya stakabadhi, imewaambia wateja jambo fulani bila kufungua mdomo. Tangazo la ukutani linaweza kuupunguza ujumbe huo kwa anayelisoma kabla ya kulipa, lakini halimgusi aliyelipa kabla halijabandikwa. Kuondolewa kwa mamlaka nako hakumfungi mtu wa nje mpaka afahamu kwamba yameondolewa. Kampuni iliyobandika karatasi ile ilijifunza kitu, ingawa ingejifunza zaidi kama ingewatumia wateja wake ujumbe siku kijana yule alipoondoka.

Kwa upande wa ufundi wa kazi sina malalamiko. Tamko la forodha lilijazwa bila kosa hata la herufi kwenye namba ya chesisi, jambo ambalo wenye magari yaliyokwama kwa tarakimu moja wanajua thamani yake. Namba za usajili zilitoka upesi, na watu wao wanaongea na mteja kwa heshima hata anapouliza swali lilelile mara ya pili. Ada ya 350,000 naiona ni ya haki kwa kazi iliyofanyika.

Ningewarudia, kwa masharti ambayo sasa ninayajua na ambayo ningemshauri yeyote anayewaendea, au anayemwendea wakala mwingine wa aina hiyo, ayaweke mwanzoni kabisa: barua ya idhini ihusu chesisi moja, kamisheni yoyote kutoka kwa bima, yadi au msafirishaji itajwe kwa maandishi, na kila mstari wa ankara uwe na stakabadhi nyuma yake, la sivyo usilipwe. Asiyependa kuuliza maswali ya fedha ana kwa ana asiende kwao, maana walirekebisha kila nilichokionyesha, na hawakurekebisha chochote ambacho sikukionyesha. Ninawapa nyota tatu kati ya tano.

Nyota ya nne wangeipata kirahisi. Uwakala huisha kazi inapokamilika, au mwenye shughuli anapouondoa, au mmoja wao anapofariki, na baada ya gari kusajiliwa hapakuwa na sababu ya kampuni kuendelea kuwa na barua yangu ya idhini yenye saini na namba yangu ya mlipakodi, zaidi ya nakala wanayopaswa kuiweka kwa kumbukumbu za forodha. Niliwaandikia nikitaka wathibitishe kwa maandishi kwamba idhini ile imekwisha na haitatumika tena. Dada wa mapokezi alinipigia kunieleza kwamba hawajawahi kuandika barua ya namna hiyo na hawana fomu yake, akaniomba nimwandikie rasimu nimtumie. Nimeshamtumia, na ninasubiri irudi ikiwa na mhuri.